Filimbi Chini ya Boneti

Wiki nzima, msomaji, tumemwacha Daktari ameinama juu ya injini ile ile, mgongo unamuuma na hakuna hata mmoja wetu aliyempelekea kiti. Tumwinue sasa.

Injini ya basi dogo la shule ilikuwa inanguruma. Feni ilizunguka mpaka kola ya ovaroli ya Daktari ikawa inapepea. Na Daktari hakusikia kitu.

Si kidogo, si kwa mbali. Hakuna. Ni kama mtu amelifunika lile basi blanketi zito.

Alichosikia, tena vizuri ajabu, ni fundi rangi akitafuna biskuti nyuma yake.

"Haya, Daktari," Bosi akasema, mikono kiunoni. "Mgonjwa wako anasemaje?"

Kwa aliyeingia leo: Daktari hajawahi kumdunga mtu sindano. Ni fundi magari wa miaka hamsini na tisa. Jina hilo alipewa kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, anasikiliza kidogo, kisha anautaja ugonjwa. Miaka saba iliyopita masikio yakaanza kumtoroka. Miezi mitatu iliyopita binti yake akampatia vifaa viwili vya kusikilizia, vidogo kama punje za maharage, vinavyoongea na simu bila waya. Binti akavipa jina la mapacha. Daktari akawafunika mapacha kwa kofia ya sufi, na gereji nzima ikaambiwa kwamba mzee anasikia baridi.

Siku hiyo jua lilikuwa linayeyusha lami barabarani.

Lakini mji una midomo. Minong'ono ilimfikia Bosi kwamba Daktari ni kiziwi na amewafanya wote wajinga. Bosi, mwanamke asiyependa minong'ono, akaamua kupima. Leo, mbele ya watu, Daktari asikilize gari moja kwa sikio lake na alitaje tatizo. Akishindwa, atakabidhiwa ufunguo wa stoo akahesabu nati na bolti mpaka astaafu, na sehemu yake ya kazi itachukuliwa na yule kijana anayeitwa Kompyuta, ambaye hajawahi kuonekana bila mashine yake ya kupimia.

"Simu zote na mashine zote humu," Bosi alikuwa ameagiza, akipitisha katoni tupu ya betri. "Leo ni masikio na mikono tu."

Na hapo ndipo Daktari alipopatikana. Mapacha walikuwa wamewekwa kwenye ile hali inayoitwa Mazungumzo, ili amsikie Bosi vizuri. Kitu cha kuwatoa huko ni simu. Simu imo katonini.

"Subiri kidogo, Mama," Daktari akasema. "Mgonjwa hasemeshwi kwa haraka."

"Mgonjwa anapiga kelele mpaka jirani anasikia!" fundi rangi akasema. "Wewe ndiye unayeringa."

Watu wakacheka. Kompyuta peke yake hakucheka. Alikuwa anaitazama ile kofia.

Mara, ndani kabisa ya kichwa cha Daktari, kengele ikalia.

"Binti anapiga," ikasema sauti ya kike yenye adabu zote.

Daktari akaruka. Hakuna mwingine aliyesikia, kwa kuwa simu ilikuwa imenyamazishwa mle katonini. Midomo ya Bosi ilikuwa inakwenda, lakini kengele ilikuwa imemfunika Bosi kama injini ilivyofunikwa. Daktari akajifanya anajikuna sikio. Binti alimfundisha: kubonyeza mara moja ni kupokea, mara mbili ni kukata.

Kwa woga, akabonyeza mara moja.

"Baba! Umekula?"

"Bado," Daktari akajibu kabla hajajizuia.

"Bado?" Bosi akasema. "Dakika kumi umeinama hapo, bado?"

"Kwa nini bado, Baba? Saa sita hii! Na dawa ya presha umemeza?"

"Nimemeza asubuhi."

Gereji ikanyamaza. Hata biskuti ikanyamaza.

"Umemeza nini, Daktari?" Kompyuta akauliza polepole.

"Mate," Daktari akasema. "Nimemeza mate. Kazi hii inataka koo lenye unyevu. Nitapiga baadaye."

"Utapiga nini?" Bosi akauliza.

"Utampigia nani?" Binti akauliza.

"Brashi!" Daktari akapaza sauti. "Plagi. Nitazipiga brashi baadaye." Akajikuna tena, mara mbili, kwa nguvu mpaka kofia ikapinda. Binti akatoweka.

Fundi rangi akamnong'oneza dereva wa basi, na mapacha, kwa uaminifu wao wote, wakamletea Daktari kila neno: "Huyu kwisha habari yake. Anaongea na plagi."

Jasho likamtiririka Daktari chini ya sufi. Alibakiwa na njia moja, ile ya zamani. Akachomoa bisibisi ndefu mfukoni, akaweka ncha kwenye chuma na mpini akaupeleka sikioni, juu ya kofia, akijiambia kwamba kama sauti haipiti hewani huenda ikapita kwenye mfupa.

Mpini ukamgusa pacha wa kulia. Sufi pacha anaivumilia, lakini hapendi kuzibwa.

Pacha akapiga filimbi.

Fiiiiiii! Kali, nyembamba, ya kupasua meno. Kila mtu gerejini akageuka.

"Hiyo!" Kompyuta akaruka. "Mmeisikia hiyo?"

"Nimeisikia!" Bosi akasema.

Daktari, kwa mshtuko, akauondoa mpini. Filimbi ikakatika. Akaurudisha, maana hakujua afanye nini kingine. Fiiiiiii!

"Tazameni mzee!" fundi rangi akapiga kelele, biskuti imemtoka mdomoni. "Akigusa inalia, akiacha inanyamaza! Amegusa penyewe!"

Msomaji, tuwe na huruma. Hawa ni watu waliozoea injini. Waite wahunzi au maseremala, wangeuliza mara moja kwa nini filimbi inatoka upande wa kichwa cha mtu. Lakini fundi magari akisikia mluzi, ana jibu moja tu duniani.

"Mkanda!" wakasema wote pamoja.

"Mkanda unateleza," Kompyuta akathibitisha, amechuchumaa, anauchungulia mkanda uliokuwa mzima kama ulivyozaliwa. "Ndiyo. Naona hata umeanza kung'aa."

"Miezi miwili nalalamika kwamba kuna kitu kinalia nikishuka mteremko," dereva akasema, anakaribia kulia yeye mwenyewe. "Kumbe mkanda! Daktari, Mungu akuongezee masikio."

Mungu alikuwa ameshaongeza, tena mawili.

Bosi akamshika Daktari bega. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo halikuonekana gerejini humo tangu milango ilipopakwa rangi. "Na wale waliokuwa wanasema wewe kiziwi," akasema, akiwazungushia macho mafundi mmoja mmoja, "waje waniombe radhi mimi kwanza, halafu wewe. Kompyuta! Funga mkanda mpya, ukaze vizuri. Basi liondoke saa nane."

Amepona! Hakuna stoo, hakuna nati. Daktari angeweza kwenda zake kunywa chai, na hadithi yetu ingeishia hapo kwa amani.

Lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa bado umelala juu ya injini.

Miaka saba ile, mikono ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Na sasa kiganja kilikuwa kinamwambia jambo ambalo hakutaka kuambiwa. Pale karibu na pampu ya maji kulikuwa na mtetemo mdogo, usio na mpangilio, kama moyo wa mtu mwoga. Huenda ni pampu. Huenda ni jirani yake, jenereta ya umeme. Kiganja peke yake hakikuwa na uhakika.

Na kama ni pampu, mkanda mpya uliokazwa vizuri ndio utakaoimaliza.

"Dereva," akauliza, "hiyo shule yako iko wapi?"

"Juu kule. Kupanda ni taabu, kushuka ndiyo shughuli, kona tatu mfululizo."

"Na watoto wangapi?"

"Kumi na wanane. Wa chekechea ndio wanaokaa mbele, hawataki kukaa kwingine."

Daktari akaiona picha yote bila kutaka. Pampu inakwama, mkanda unakatika, usukani unakuwa mzito kama mlango wa ghala. Kwenye kona ya pili.

Kompyuta alikuwa ameshachukua spana.

"Acha huo mkanda," Daktari akasema.

"Mzee, nimeagizwa."

"Nimesema acha. Zima injini."

"Kuna nini tena?" Bosi akauliza.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Daktari alikuwa anaumbuliwa na filimbi, na huenda hiyo ni nafuu. Akashika kofia ya sufi kwa mkono wenye grisi. Akaivua.

Injini ilikuwa imezimwa. Gereji ilikuwa kimya kabisa. Daktari akainua kiganja na kulifunika sikio lake la kulia.

Fiiiiiii!

Dereva akaitazama injini iliyolala, akamtazama Daktari, akairudia injini.

"Filimbi ni yangu," Daktari akasema. "Basi halina filimbi."

Akageuza kichwa wamwone pacha wa kulia, kisha wa kushoto. Masikio yenyewe yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Tumfunge yeye mkanda mpya," fundi rangi akasema kwa sauti ya chini.

Ndipo kicheko kikalipuka. Walicheka mpaka mmoja akashikilia tairi. Ajabu ni kwamba Daktari alikisikia kicheko chote, kila mmoja na chake, hata cha yule aliyekuwa nje getini. Kilimchoma, lakini si kama alivyoogopa. Alikuwa amekiogopa kwa miaka saba, na sasa kimefika, na yeye bado amesimama.

Bosi hakucheka.

"Tangu lini?"

"Mapacha... hivi vifaa, miezi mitatu. Masikio, miaka saba."

"Miaka saba! Na magari yote yale?"

"Kwa mikono, Mama. Na kwa kuangalia midomo ya wateja. Wateja wenye ndevu nyingi ndio walionitesa."

Kona ya mdomo wa Bosi ikatikisika, akaikaza. Akatoa ufunguo wa stoo, akauweka juu ya boneti, kati yao.

"Umenidanganya muda mrefu, halafu umejitaja mwenyewe hapo ulipokwisha kushinda. Sijui nikufanye nini. Kwa hiyo basi litaamua. Una dakika ishirini. Chukua chochote unachotaka. Ukilipata tatizo, tutazungumza. Usipolipata, ufunguo huo hapo."

Daktari akaikimbilia katoni.

"Binti!" akasema simu ilipopokelewa. "Injini siisikii!"

"Baba, mbona unapiga kelele? Na wewe ndiye uliyenikatia simu! Uko kwenye hali gani?"

"Hali mbaya sana."

"Kwenye simu, Baba. Umeweka Mazungumzo?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana. Ukiweka hapo, mapacha wanabakiza sauti za watu, wanafuta kelele. Na kwao injini ni kelele."

"Kelele?" Daktari akasimama wima. "Nimekusomesha chuo kwa hiyo kelele!"

"Najua, Baba. Wao hawajui, ni wageni." Binti alikuwa anazuia kicheko, lakini kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke. "Sikiliza. Ingia kwenye mipangilio. Zima palipoandikwa Punguza Kelele. Halafu kuna picha ya maikrofoni, ibonyeze. Simu ikilala mahali, mapacha watasikia kilicho karibu na simu, siyo kilicho karibu na wewe. Unakumbuka ulivyoiacha sebuleni ukiwa bafuni, ukamsikia shangazi anakusema?"

"Nakumbuka vizuri."

"Basi leo isikilizishe pampu badala ya shangazi."

Daktari akaizungushia simu kitambaa safi. Akailaza kwenye bati juu ya pampu, mbali na feni, akaifunga kwa kipande cha waya. Akarudi nyuma hatua kumi mpaka ukutani.

"Washa," akamwambia dereva.

Sauti zikamwagika.

Alikuwa amesahau. Miaka saba, jamani! Valvu zilikuwa zinacheza kama vidole vya mtu anayesubiri. Mafuta yalikuwa yanapita. Plagi moja ilikuwa mvivu, akaisamehe. Jenereta ilikuwa inaimba wimbo wake mmoja, safi, haina hatia.

Na hapo kando yake, kuna beringi kavu inasaga, inaacha, inasaga, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Daktari alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba. Aliyapangusa haraka kwa kiwiko kabla fundi rangi hajapata la kusema.

"Pampu ya maji," akasema. "Beringi. Ifungueni."

Kompyuta mwenyewe ndiye aliyeifungua. Alipoizungusha kwa kidole, ekseli yake ikacheza huku na huku kama jino la mtoto wa miaka sita. Maji ya kutu yakamdondokea mkononi. Akaiinua juu watu waione.

Dereva akakaa chini, pale pale penye grisi, na suruali yake ya kazini.

Bosi akaichukua ile pampu, akaitikisa mara mbili. Kisha akachukua ufunguo wa stoo juu ya boneti na kuurudisha mfukoni kwake.

"Ile kofia," akasema, "nikiiona tena humu ndani, nitaitumia kufutia madirisha. Hayo masikio yako ni vifaa vya gereji sasa. Nataka wateja wayaone." Akatoka hatua mbili, akageuka. "Na ukinidanganya tena, nitafuga ndevu."

Ungeona, msomaji, gereji ilivyogeuka ndani ya robo saa. Fundi rangi alitaka kujaribu pacha mmoja. Mwingine akauliza kama wanashika mpira wa redioni. Dereva akamkumbatia Daktari vibaya, kichwa kwa kichwa, na filimbi ikalia tena, na safari hii hata Daktari alicheka.

Akaenda bombani nyuma ya jengo kunawa, kichwa wazi, upepo unampiga kwenye mvi. Kompyuta, simu yake ameshaichukua katonini, alibaki peke yake kwenye basi, anafunga pampu mpya.

Daktari alikuwa katikati ya sabuni, na simu yake bado imefungwa chini ya boneti, aliposikia mtu akinong'ona ndani ya masikio yake yote mawili.

"Haloo, mpenzi."

Daktari akageuka. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Palikuwa na ndoo.

"Baba yako mzima," sauti ya Kompyuta ikaendelea. "Amevua kofia mwenyewe, mbele ya watu wote... Kweli tena. Simu ndani ya boneti, kama ulivyomwelekeza. Ameipata pampu akiwa ukutani kule. Hata mimi nimetokwa na machozi... Usilie. Ukilia nami nitalia, na nimeshika spana."

Sabuni ikamtoka Daktari mkononi.

"Hapana, sijamwambia. Nitamwambiaje? Anadhani nataka kiti chake. Kiti chake sikitaki, wewe unajua ninachokitaka mimi... Ndiyo, barua ya kazi imekuja leo. Ni ule mji wa mbali. Tarehe moja naripoti. Tukifunga ndoa kabla, tunaondoka wote... Najua. Najua, mpenzi. Nami nimeliwaza hilo hilo. Tukiondoka sisi, yeye atabaki na nani nyumba nzima?"

Beringi mpya ilikuwa inazungushwa taratibu, laini, haina neno.

"Sawa," Kompyuta akasema mwishowe. "Namwambia leo. Sasa hivi, kabla sijaogopa."

Daktari aliyatazama maji yakipita juu ya vidole vyake. Binti yake. Na huyu. Na mji wa mbali. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira kama mtu anayetafuta miwani, akaikosa. Alichokipata ni nyumba yake ya jioni, na viti vitatu vitupu kando ya chake.

Angeweza kupita geti la nyuma na kuondoka. Badala yake akafunga bomba, akajifuta, akarudi gerejini polepole, akasimama pale katikati, palipo na watu wengi zaidi.

Kompyuta alikuwa anamjia, simu ya Daktari mkononi, kitambaa bado kinaning'inia. Uso wake ulikuwa umepauka. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakumwita Daktari.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo mno. "Kuna jambo... nilikuwa nataka... ni kuhusu..."

Alikuwa anasikika vizuri kabisa. Hata mapigo ya moyo wake yalikaribia kusikika.

Daktari akaweka kiganja nyuma ya sikio. Akakunja uso wa mzee anayehangaika.

"Eh? Sema kwa nguvu, mwanangu," akanguruma, mpaka spana zote zikasimama, fundi rangi akashuka kwenye ngazi, na Bosi akachungulia dirishani. "Leo masikio yamechoka. Sema kwa sauti, na wenzako wasikie, jambo lenyewe ni kuhusu nani?"

Kompyuta akawatazama mafundi kumi na mmoja, mmoja mmoja. Akavuta pumzi mpaka ovaroli ikainuka kifuani, na akafungua mdomo.